Foleni ya Mkate kwa Tanuri

"Usile huo mkate!"

Mama Pacha alinidaka mkono kabla sijafikisha tonge mdomoni. Chai ikamwagikia gauni la mteja nililokuwa nalitia pindo, nami nikaruka kama niliyekanyaga siafu.

"Mama Pacha, umepatwa na nini? Tazama gauni la watu!"

"Gauni litafuliwa. Tumbo halifuliwi." Akachomoa simu kwenye mkoba. "Mtaa mzima umesikia, wewe mchumba wa mwokaji ndiye hujasikia?"

Akabonyeza. Ikatoka sauti ya mwanamume, nzito, ya puani, kama ya mtu aliyejiziba kitambaa mdomoni.

"Ndugu wenyeji, amkeni. Hawa Wang'ambo mnaowachekea wana mpango wao. Mkate mnaokula kila asubuhi una kitu ndani. Wanawake wenu watakauka matumbo, wao wazae waujaze mtaa. Usinunue. Usile. Mwambie na mwenzako."

Nilicheka. Naapa, nilicheka mpaka nikashika mbavu.

"Nani huyu mjinga?"

"Mjinga au mwerevu, wanangu hawali tena."

"Pacha wako wamekuzwa na mkate huu! Ulikuwa unawachovyea kwenye chai hata meno hawajaota."

Akatazama chini, akarudisha simu mkobani.

"Hayo ya zamani," akasema. "Siku hizi mtu humjui."

Akatoka bila kuchukua blauzi yake iliyokwisha siku nyingi. Hapo ndipo kicheko kilipokwisha.

Ngoja niwaambie mtaa wetu ulivyokuwa, maana waliozaliwa juzi hawatasadiki. Ulikuwa mtaa wa mteremko, nyumba zimeegemeana kama walevi, na chini kabisa kuna mto. Usidhani mto wa kutisha. Kiangazi mtu aliuvuka suruali imekunjwa magotini. Lakini waliotoka upande wa pili tuliwaita Wang'ambo, hata wale ambao babu zao ndio waliovuka na wao wenyewe hawajawahi kulala huko hata usiku mmoja. Lilikuwa jina la utani. Tuliliita tukicheka, nao waliitika wakicheka.

Kwenye kona palikuwa na duka la mikate la Mama Mkate, Mng'ambo, na mwanawe wa pekee, tuliyemwita Tanuri. Harufu ya mikate yao ndiyo iliyotuamsha. Jogoo walikuwa wanatukumbusha tu. Mkabala nao alikuwepo Kinyozi, mdomo wake mkali kuliko wembe wake, na pembeni yake Mzee Saa, Mng'ambo mwingine, fundi wa saa za mkononi, anayesalimia kila apitaye kwa kuuliza habari za nyumbani kwao mpaka mtu wa mwisho.

Mimi niliitwa Fundi. Nilishona kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, na cherehani yangu ya miguu ilikuwa na kelele yake: kwii-kwaa, kwii-kwaa. Kila mteja alinitania niitie mafuta. Niliitia, ikazidi kulia. Nyuma ya pazia ndipo alipolala kaka yangu, na chumba cha uani akalala Baba. Mama alitutangulia nikiwa mdogo. Kaka ndiye aliyenibeba mgongoni, akanisuka nywele vibaya, akanipeleka shule nikiwa kama kuku aliyenyeshewa. Ukubwani akawa mshereheshaji, sherehe zote na mechi zote za mtaa zilikuwa zake, na watu wakamwita Kipaza.

Na Tanuri je? Siku ya kwanza alikuja na aproni iliyochanika mfuko. Nikaishona. Akarudi, aproni ileile, mfuko uleule. Nikaishona. Aliporudi tena nikamwambia:

"Kaka, huu mfuko unauchana mwenyewe kwa mikono yako."

"Kwa kisu," akajibu bila kupepesa. "Kwa mikono haukubali. Unashona vizuri mno."

Nikacheka, naye akasimama pale na unga kwenye nyusi, hajui aondoke au akae.

"Basi sema unachotaka, uache kuniharibia kazi," nikamwambia.

"Nataka kuja hapa bila aproni."

Ndivyo tulivyoanza. Kwa mwaka mzima, kila alfajiri alinipigia simu aulize swali moja tu: "Umekunywa chai?" Mama Mkate na wajomba zake wakaja kwetu kujitambulisha, Baba akakubali, Kaka akasema hakuna mshereheshaji mwingine atakayeigusa harusi ya dadake. Tukapanga ifanyike baada ya uchaguzi, mji ukitulia.

Ndipo ikaja ile sauti.

Wiki ile ile wateja walipungua, halafu wakakauka. Jioni moja nilimkuta Tanuri ameketi juu ya gunia la unga, mikate imejaa kwenye rafu hadi juu.

"Umeuza?"

"Nimeuza kwa paka. Na hata yeye amenunua kwa mashaka."

Nikataka kucheka, nikaona macho yake. Ndani nikasikia masufuria yanagongana. Mama Mkate alikuwa anayapanga moja ndani ya jingine, kisha anayafunga kwa shuka.

"Shikamoo Mama. Unafanya usafi?"

"Marahaba, mwanangu. Nafunga mizigo."

"Mnakwenda wapi?"

"Sijui bado. Lakini nilikuwa binti mdogo tulipovuka huo mto tukikimbia, na mama yangu aliacha masufuria. Tulipika kwenye debe. Safari hii masufuria hayabaki."

"Mama, ni maneno ya simu tu haya!"

"Na yale yalikuwa maneno ya kisimani," akasema. "Yalianza hivi hivi, watu wakicheka."

Tanuri alinisindikiza mpaka mlangoni tu. Zamani alinisindikiza mpaka kwetu, kisha mimi nikamsindikiza arudi, mpaka Kinyozi anapiga kelele tuache kumchosha kututazama.

"Mzee Saa ameondoka leo," akanong'ona. "Hakuaga. Saa za watu amemwachia Kinyozi."

"Ataondokaje na mke wake ana mimba kubwa vile?"

"Ndiyo maana ameondoka."

Asubuhi yake nikaona mlango wao. Mtu alikuwa ameumwagia oili chafu kutoka juu mpaka chini, inachuruzika hadi barabarani. Kabla sijavuka, simu yangu ikalia. Ujumbe wa Tanuri:

"Fundi wangu, usije. Wakikuona hapa watakuweka kundi moja na sisi. Harusi tuiache. Sijaacha kukupenda, naacha kukuponza. Mwambie Baba anisamehe."

Nikajibu: "Nani kakwambia mimi nina kundi lingine?"

Hakujibu. Nikapiga, hakupokea. Nikapiga tena, simu ikazimwa.

Nikarudi kwetu nikakaa kwenye kiti changu cha kazi, mikono mapajani. Simu ikalia nikaidaka nikidhani ni yeye. Kumbe ni Mama Pacha, amenitumia sauti nyingine. Nikaifungua. Yule yule wa puani:

"Wenyeji, Jumapili kuna mkutano. Njooni tuamue. Mtaa huu ni wetu au wa Wang'ambo?"

Nikataka kuifuta. Kidole kikasita. Nikaisikiliza tena. Nilikuwa nimekaa, miguu yangu imetulia kabisa, lakini nilisikia cherehani yangu inalia.

Kwii-kwaa. Kwii-kwaa.

Ilitokea mbali, nyuma ya maneno, kama mtu anashona chumba cha pili. Nikageuka nikalitazama pazia la Kaka.

Alirudi mchana, anapiga mluzi. Nikamwekea simu mezani, nikabonyeza. Mluzi ukakatika.

"Umetoa wapi hiyo?"

"Kaka, umesahau kwamba dada yako anashona?"

Alisikiliza, akaitambua cherehani. Akakaa kitandani, kitanda kikalia.

"Nilijiziba mdomo kwa taulo," akasema, kama vile hilo ndilo kosa lake.

"Kwa nini?"

"Watu wa kampeni, wale wa gari jeupe, walinifuata. Yule mwenye miwani myeusi. Waliniita kwa jina langu kamili, wakanikalisha mezani. Wakasema mtu wao akishinda, mimi nitakuwa sauti yake, nchi nzima itanisikia. Mdogo wangu, mimi nimepiga kelele harusini mwa watu tangu ujana. Wakishashiba, nani ananikumbuka?"

"Tanuri amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu. Walisema ni maneno ya uchaguzi tu, hakuna atakayeumia."

"Mzee Saa ameondoka na mkewe mjamzito. Mama Mkate anafunga masufuria. Mchumba wangu ameniacha kwa ujumbe wa simu. Nani bado hajaumia? Wewe?"

Akanishika mikono.

"Usiniuze. Wewe nimekulea. Damu nzito kuliko maji."

"Na ikimwagika barabarani, tutaijuaje ni ya nani?"

Nikamwambia, machozi yananitoka kwa hasira na mapenzi pamoja:

"Sema mwenyewe kabla ya Jumapili. Usiposema, nitasema mimi."

Hakusema. Ijumaa alinikwepa. Jumamosi alilala kwa rafiki. Na Jumapili alasiri nilipofika kwenye uwanja wa mpira, nilimkuta ameshika kipaza sauti, anajaribu: "Moja, mbili. Moja, mbili." Hakunitazama.

Watu walikuwa wengi, wamesimama kwa makundi ambayo sikuyajua. Mtaa wetu ulizoea kusimama ovyo. Siku hiyo walisimama kwa koo zao. Baba alikaa mbele, kofia mapajani. Mwenyekiti wa mtaa alikohoa, akasema machache yasiyo na kichwa wala miguu, kisha akampisha yule mwenye miwani myeusi.

"Hatumchukii mtu," Miwani akaanza, kwa sauti laini. "Tunasema tu, watu wa ng'ambo warudi ng'ambo. Waondoke kwa heri, wasije wakaondoka kwa shari. Ni kwa usalama wao wenyewe."

Wengine wakapiga makofi. Si wote, lakini makofi machache uwanjani yanasikika kama mengi. Nikainua mkono.

"Mwenyekiti, naomba kusema."

"Huyo ni mchumba wao!" mtu akapiga kelele, watu wakacheka.

"Ndiyo, ni mchumba wao," nikasema. "Na ni dada wa huyu aliyeshika kipaza sauti. Nipishe, Kaka."

Hakukiachia. Basi nikasimama ubavuni kwake, nikaiweka simu yangu karibu na kipaza sauti mkononi mwake, nikabonyeza. Sauti ya puani ikajaa uwanja.

"Haya tumeshayasikia!" wakasema.

"Najua. Maneno mmeyashika kwa moyo. Sasa msiyasikilize. Sikilizeni nyuma yake."

Nikarudia. Kinyozi akajipenyeza mbele, mkono sikioni.

"Rudia tena," akasema.

Nikarudia. Mama Pacha ndiye aliyepiga ukelele.

"Mungu wangu! Hiyo ni kwii-kwaa!"

"Kwii-kwaa ya nini?" Mwenyekiti akauliza.

"Cherehani ya Fundi! Nimekaa kwenye kigoda chake miaka nenda miaka rudi, nitaikosaje? Kuna cherehani ngapi zinazolia kama mlango wa jela?"

"Kwa hiyo ni wewe, binti?"

"Mwenyekiti," nikasema, "nyumba yetu ina watu watatu. Mimi. Baba. Na..."

Ulimi ulikataa. Naapa ulikataa. Nilimwona akinisuka nywele, nikamwona amenibeba mvuani.

"Ni mimi."

Kaka alisema hivyo kwenye kipaza sauti, kwa sauti yake halisi, ile iliyotangaza maharusi wetu wote.

"Ni mimi niliyesema. Hakuna kitu kwenye mkate. Niliambiwa niseme, nikasema."

"Kijana, umechoka, kaa chini," Miwani akamwambia.

"Uliniambia hakuna atakayeumia!"

"Zima hicho chombo!"

"Sizimi. Umenifundisha mwenyewe kwamba sauti yangu ina nguvu."

Baba alisimama polepole. Sijawahi kumwona mzee wangu ametembea umbali mfupi kwa muda mrefu vile. Akamfikia Kaka, akakichukua kipaza sauti mkononi mwake kama anavyonyang'anywa mtoto kisu, akakiweka chini.

"Hawa wote wawili ni wangu," akasema. "Leo sijui nianze kumlilia yupi. Lakini kule kwenye kona kuna mkwe wangu ananawa oili. Mimi nakwenda kumsaidia."

"Na mimi ndiye niliyesambaza," Mama Pacha akasema, huku anajifunga kanga kiunoni. "Nilimtumia kila niliyemjua, na nisiowajua nikawapigia hodi. Ngoja miguu hii hii ipite tena, iwaambie ni uongo."

Wakaanza kutoka mmoja mmoja. Nisiwadanganye, si wote waliotufuata. Wako waliobaki na Miwani, wako waliokwenda kwao wakafunga madirisha. Lakini tulipoteremka mteremko tulikuwa kundi kubwa, na hatukufikiria kundi kubwa linaonekanaje kwa mtu anayehama.

Mkokoteni ulikuwa nje, umepakiwa magodoro na yale masufuria ndani ya shuka. Tanuri alikuwa anakaza kamba. Akainua kichwa, akatuona. Aliiacha kamba, akamshika mama yake begani, wakaingia ndani, na tukasikia komeo.

"Tunaondoka!" akapiga kelele toka ndani. "Mama yangu ana moyo mbovu, msimpigie kelele! Tupeni nafasi tu tupite!"

Watu wote tukasimama kama tuliomwagiwa maji. Nikasogea mlangoni, oili ikanishika viganja.

"Tanuri, ni mimi."

"Fundi? Wamekulazimisha uje?"

"Nimekuja kwa miguu yangu. Fungua."

"Nyuma yako kuna watu."

"Ni majirani."

"Hata walionimwagia oili ni majirani."

Hilo lilituingia wote. Nikageuka, nikaona watu wanatazama viatu vyao. Kisha Mama Pacha akanisogeza kwa bega.

"Mama Mkate! Ni mimi Mama Pacha. Nina njaa."

Sauti ya mwanamke mzima ikatoka, karibu kabisa na mlango:

"Si ulisema mkate wangu una sumu?"

"Nilisema."

"Na pacha wako nikawaona wanautema barabarani."

"Niliwatuma mimi." Mama Pacha akalia, analia kwa sauti kama mtoto aliyechapwa. "Nimekuja kuula huo mkate mbele ya kila mtu. Nikifa, nife."

"Hakuna mkate. Tanuri limepoa."

"Basi tutaleta kuni!" Kinyozi akadakia. "Mimi hapa kuni ninazo, na kama hazitoshi kuna kiti changu kibovu. Fungueni, jamani. Tangu mfunge naamka saa nne. Kazi imekufa!"

Tukasikia mtu anacheka ndani, au analia, sikujua. Komeo likarudi nyuma. Tanuri alisimama mlangoni, amekonda, ndevu hazijanyolewa, akanitazama mimi tu.

"Uliniandikia habari za kundi lako," akasema.

"Hukunijibu."

"Sasa naliona."

Sikungoja zaidi. Nilimkumbatia mbele ya baba yangu na mtaa mzima, viganja vyangu vya oili vikamwachia alama mgongoni, na lile shati hakulifua kamwe.

Jioni ile ilikuwa na kelele za furaha na aibu. Magodoro yalirudi ndani. Baba na Mwenyekiti walisugua mlango kwa mchanga na sabuni, wakibishana nani anasugua vibaya. Mama Mkate alisimama jikoni, shuka la masufuria mikononi, muda mrefu, hawezi kulifungua. Hatukumharakisha. Alipolifungua, wanawake wakanawa mikono wakaanza kukanda.

Kulipokucha, mtaa ulikuwa umesimama kwenye foleni. Sijawahi kuona foleni kama ile. Ilianzia kwenye kaunta ya Tanuri, ikapita kwa Kinyozi, ikapita duka la Mzee Saa lililofungwa, ikakunja kona hadi zahanati. Watu walikuja na watoto, na vikapu, na wengine na aibu zao, wakisalimia kwa sauti ya chini.

Gari jeupe likaja. Miwani akashuka na vijana wake wameshika marungu, wageni wote, hatukumjua hata mmoja.

"Yaani mnapanga foleni kwa Wang'ambo?" akauliza kwa sauti.

Niliona Mama Pacha anawavuta pacha wake nyuma ya gauni lake, lakini hakutoka kwenye mstari. Vijana wakasogea. Foleni ikasogea pia, watu wakabanana, bega kwa bega, mpaka mlango wa duka haukuonekana tena. Ndipo Kinyozi, aliyekuwa katikati, akageuza shingo bila kugeuza mwili.

"Tunapanga foleni kwa mkate," akasema. "Nawe ukitaka, nenda kapange mwisho, kule zahanati. Hapa hatuchomekeani."

Mtu akacheka. Mwingine akacheka. Kicheko kikashuka mteremko mzima hadi kwenye kona. Miwani alitutazama kwa muda, akatafuta mtu wa kumwogofya, akakosa pa kuanzia. Wakapanda gari lao. Vumbi lao lilitukohoza, lakini hakuna aliyepoteza nafasi yake.

Kwa siku nyingi baadaye wanaume walipokezana kukaa mlangoni kwa Tanuri, mpaka uchaguzi ukapita na kelele zake. Lakini wako waliozoea kununua mkate kwingine na hawakurudi tena. Na Mzee Saa nilimpigia simu mimi mwenyewe.

"Mjomba, rudi. Mtaa umetulia. Kinyozi amekutunzia saa zote."

"Waambie wenyewe wazichukue, mwanangu. Mke wangu amejifungua salama huku. Mtoto wa kike."

"Mlete tumwone."

"Nikifumba macho, nasikia mtaa ule mzima," akasema. "Nikifumbua, naogopa. Nipe muda."

Tulimpa. Hakurudi. Leo kwenye duka lake wanauza simu, na mimi nikipita bado nasubiri mtu aniulize habari za nyumbani kwetu mpaka mtu wa mwisho.

Kaka alihama nyumbani, akapanga chumba karibu na mto. Alikwenda kwa Mama Mkate kuomba radhi, akapiga magoti kizingitini.

"Nitakusamehe nikiweza," yule mama akamwambia. "Leo siwezi. Inuka, usije ukachafua suruali."

Alirudi tena, na tena. Kila mara alikuta jibu lile lile, na kila mara alipasua kuni zote zilizokuwa uani kabla ya kuondoka. Tanuri alimsalimia. Zaidi ya salamu hawakuwa na neno lingine.

Basi ikafika siku yetu. Gauni nililishona mwenyewe. Tulikodi viti vichache, tukavipanga uwanja ule ule, maana hatukujua nani angethubutu kuonekana kwenye harusi ya mwenyeji na Mng'ambo. Viti vikajaa kabla bwana harusi hajafika. Kinyozi akaleta mabenchi yake. Zahanati ikatoa mabenchi yake. Baba alisimama akanitazama, akanifuta uso kwa kofia yake.

Mshereheshaji hakuwepo. Hatukutafuta mwingine.

Chakula kilipogawiwa, nikamwona Kaka. Alikuwa amesimama nje ya kamba ya uwanja, amevaa suti yake ya kazi, mikono mitupu. Nikamgusa Tanuri.

"Nimemwona," akasema. "Nenda kamwite, ni kaka yako."

Nilipoinua gauni niende, Mama Mkate alikuwa ameshatangulia. Alikuwa ameshika sahani iliyojaa, anatembea polepole kwa viatu vipya vinavyombana, na meza kwa meza watu wakageuka kumtazama. Akafika kwenye kamba, akamnyooshea sahani.

"Kula."

"Mama, mimi sistahili..."

"Nimesema kula. Sijasema nimesahau."

Kaka aliipokea kwa mikono miwili. Akala amesimama, machozi yanadondokea chakula, na yule mama akabaki pale pale mbele yake, amemshikia bilauri ya maji, mpaka alipomaliza. Kisha akaiinua kamba apite.

Mume wangu akanishika mkono, akanigeuza taratibu kuelekea mteremkoni. Wageni walikuwa bado wanakuja, wengi, kila mmoja amebeba kiti chake kichwani.